Robo Saa ya Bure

"Shemeji, uza! Zinaporomoka!" mdogo wa mumewe alimsukumia muuguzi simu usoni.

Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, kiatu kimoja bado kiko mguuni. Akachungulia simu yake mwenyewe. Hisa zilezile alizonunua asubuhi zilikuwa zinapanda, kijani kitupu.

"Hiyo programu yako ni ya bure, bei zake zinachelewa robo saa," shemeji yake akamwambia. " Si nilikwambia ulipie za papo kwa papo, hata kile kifurushi cha chini? Ukasema ghali."

Akavua kiatu cha pili taratibu, akavikanda vidole vilivyovimba. Kisha akaichukua simu ya shemeji yake, akailaza kifudifudi mezani.

"Basi bado nina robo saa ya kuwa tajiri," akasema. "Nisogezee kigoda."