Cheti cha Sumari

Zilikuwa zimebaki wiki tatu Sumari ahitimu shule ya serikali pale Arusha, na Sumari alikuwa hajawahi kuikanyaga hata siku moja.

Aliyekuwa akiikanyaga ni Lemayian. Miaka minne nyuma Bwana Mkubwa wa Boma, ngome ya Wajerumani, alitoa amri kwamba kila mzee wa heshima alete mwana mmoja, afundishwe kusoma, kuandika na kusimama wima. Mzee Loishiye wa kule Usa alikuwa na wana watano na hakuona hata mmoja wa kutupa. Akamtazama Lemayian, yatima aliyekuwa akimchungia mbuzi, akamwambia kwamba kuanzia kesho anaitwa Sumari, kama mwanawe wa tatu. Mbuzi hawakuulizwa. Lemayian naye hakuulizwa.

Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini, na mwandiko wake ulimfanya hata Mjerumani anyanyue nyusi. Alijua kugawanya, alijua kuandika barua ya kuomba radhi kwa namna tatu, na aliweza kuimba wimbo wa Kaisari bila kucheka, jambo lililowashinda wenzake wengi. Nafasi ya ukarani pale Boma ilikuwa moja tu, na kila mtu alijua ni yake. Yaani ya Sumari.

Jumapili ile Mzee Loishiye akateremka mjini, amefuatana na Sumari mwenyewe, kijana mnene aliyekuwa akitafuna muwa. Mzee hakuzunguka. Ijumaa ya kuhitimu, alisema, Sumari atasimama, atapokea cheti chake, kisha ataenda kukalia kiti chake cha Boma. Lemayian atarudi kwa mbuzi, ambao, mzee aliongeza kwa upole, walikuwa wamemkumbuka sana.

"Lakini Sumari hajui kusoma, baba," Lemayian alisema.

"Si ndiyo maana anachukua cheti?" mzee akamjibu.

Lemayian alitaka kucheka, akaona mzee hatanii. Kwa mzee, kusoma kote kulikuwa kumefungwa ndani ya karatasi ile kama dawa ndani ya hirizi. Atakayeishika ndiye atakayejua. Sumari akatema makapi ya muwa, akauliza kama kiti chenyewe kina mto.

Zaidi ya wiki mbili Lemayian alizunguka na jambo hilo tumboni. Jioni alikaa kando ya mto Themi, akautazama Mlima Meru ukijifunika ukungu, akajionea huruma kwa bidii. Aliipenda shule, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Aliipenda harufu ya wino. Alilipenda benchi lililomchubua miaka minne. Alikaribia kuupenda hata uji wa Sefu, mpishi wa shule, ingawa ulikuwa mgumu kumeza kuliko amri yoyote ya Wajerumani. Mwalimu Athumani, ambaye kwa ajabu alijua mapishi kuliko mpishi, alikuwa akipita jikoni kila asubuhi kumwonyesha Sefu lini atie chumvi, na Sefu kila asubuhi alikuwa akisahau.

Sefu alikuwa mtu wa Tanga, kama mwalimu, na alikuwa na kimbelembele. Ukisimama uani ukaita, "Mwalimu Athumani," yeye ndiye aliyeitika kwanza kutoka jikoni, kisha akanyamaza, akainamia sufuria. Wanafunzi walimcheka miaka yote minne.

Angesema ukweli? Lemayian alijua bei yake. Kuidanganya serikali kulikuwa na hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano hadharani, na aliyepewa kazi ya kuvihesabu kwa sauti siku zote alikuwa mwanafunzi bora wa hesabu. Lemayian alikuwa ameshawahesabia watu saba. Hakujua nani angemhesabia yeye, maana aliyemfuatia darasani alikuwa akipotea kila akifika kumi na tisa.

Lakini kurudi kwa mbuzi, na kumwona Sumari akiishika kalamu ya Boma kama fimbo ya kuchungia, hapana. Hilo lilimuuma kuliko kiboko.

Siku mbili kabla ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alibisha mlango wa mwalimu. Mwalimu Athumani alikuwa mtu mkavu, wa kanzu nyeupe na tarabushi, na hakuna aliyepata kumwona akitabasamu. Lemayian akamwamkia, akasimama wima kama alivyofundishwa, akamwaga yote: amri, mbuzi, jina, muwa, kiti. Mwalimu alisikiliza huku akichonga kalamu. Hakukaripia. Aliuliza tu ni watu wangapi wanaojua.

"Watatu, Mwalimu. Mzee, mwanawe, na mimi."

Mwalimu akaipuliza ncha ya kalamu.

"Ijumaa likiitwa jina, usiwe wa pili kusimama. Mzee hatathubutu kufungua mdomo mbele ya Bwana Mkubwa, maana aliyedanganya kwanza ni yeye. Huyo Sumari atanung'unika mwezi, miezi miwili. Halafu atakuja mlangoni kwako, kwa kuwa huko kwao watakuwa wanamcheka." Akaiweka kalamu mezani. "Anajua kupika?"

"Sumari? Hajui hata kuwasha moto."

"Atajifunza. Usitarajie mengi."

Kisha mwalimu akageukia upande wa jikoni, akaita polepole, kama mtu anayekirudisha kitu cha kuazima.

"Athumani! Chai, vikombe viwili."

"Naam," akaitika Sefu, na safari hii hakuinamia sufuria.