Nyumba Isiyosifu

Mbeyu alipozaliwa, kura ya utafiti wa malezi iliiweka nyumba yao katika kundi la wasiosifiwa: mtoto apendwe, alishwe, afunzwe, ila asisifiwe mpaka atimize miaka kumi na minane. Nyumba za jirani ziliamriwa kusifu, ili watafiti walinganishe.

Nyamvula, mama yake, hakuteleza hata siku moja. Mtoto alipopiga hatua ya kwanza, alipohitimu Kurani, mama alisema "Sawa," akaingia jikoni kuimeza furaha yake. Wazazi wenzake wa kundi hilo wenye roho nyepesi waliwanong'oneza watoto wao sifa, wakafutwa katika utafiti. Yeye alipewa cheti cha uaminifu, akakitundika sebuleni, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonyeshwa.

Leo adhuhuri muda uliisha. Mbeyu aliingia na barua: amekuwa wa kwanza katika mtihani wa nchi nzima. Nyamvula alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

"Mwanangu, umenitoa kimasomaso! Hongera! Hongera sana!"

Mbeyu aliketi wima, mikono mapajani, kama alivyozoea kuketi watafiti walipokuja.

"Ahsante, mama," alisema kwa heshima. "Na jaribio hili jipya litachukua miaka mingapi?"