Fyuzi ya Friji

Waya haukuungua. Ulikatwa.

Fakihi alikigeuza kile kigae cheupe cha fyuzi, akakisogeza mlangoni penye mwanga, akakitazama tena. Fyuzi ikizidiwa na umeme, waya wake huyeyuka. Huacha vishanga vya chuma na masizi meusi kwenye kigae, na hata mwanafunzi wa wiki moja huyaona. Hiki kilikuwa safi kama sahani ya sikukuu, na ncha mbili za waya zilikuwa kali, kazi ya koleo.

Lo! Na yeye alikuwa amehangaika bure kwa siku tisa.

Mara ya kwanza alipoitwa nyumba hii ya karani Wilbert, Kinondoni, hakutazama sana. Alibadilisha waya, akaenda zake. Mara ya pili aliilaumu friji. Lilikuwa dude zee aliloachiwa Wilbert na mkubwa wake wa ofisini, Mwingereza aliyerudi kwao. Friji kubwa kama ile ikianza kunguruma huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na hapo ilikuwa imeunganishwa pamoja na taa na pasi. Fakihi akaipa waya wake peke yake, na fyuzi yake peke yake. Alijisifu moyoni. Mzee mzima kutoka Lindi, fundi wa umeme miaka kumi na minne, akaapa kwamba haitakatika tena.

Leo ilikuwa mara ya tatu.

"Fundi, barafu imeanza kuyeyuka," alisema Mama Demetria nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mwembamba, mwenye sauti ya chini. "Fanya haraka, baba. Dawa za mwanangu zitaharibika."

Fakihi alizijua hizo dawa. Demetria alikuwa na miaka saba na ugonjwa wa sukari, na bila sindano kila siku hana maisha. Mama mtu alimweleza siku ile ya kwanza, huku akifungua friji kumwonyesha: vichupa vitatu, vimepangwa mstari kwenye sahani ya bati, peke yake, bila hata nyanya. Leo alifungua tena. Vichupa vitatu vilevile, mstari uleule. Fakihi aliona, akamsifu kimoyomoyo kwa kutokawia kwenda hospitali kuchukua vingine.

"Mtoto hajambo?"

"Yumo chumbani. Leo hataki mtu."

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha uji kimefunikwa kisosi, nzi wanakizunguka.

"Hapa nyumbani mnakaa nani na nani?"

"Mie, baba yake, na yeye."

Fakihi alifunga waya mpya, akakaza skrubu, friji ikanguruma. Mama Demetria akashika kifua, akafumba macho, akamshukuru Mungu. Jamani, kushukuru kule! Fakihi alitoka pale akimwonea huruma. Naye alikuwa na watoto.

Njia nzima hadi kwake Temeke alipigana na wazo moja. Mama hawezi kukata waya halafu akalia vile. Mtoto mgonjwa hafiki kwenye boksi la fyuzi, liko juu ya mlango wa uani. Anabaki nani? Anabaki yule karani mpole, mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni, anayemwambia kila mara, "Shikamoo, fundi," bila kumtazama usoni. Watu wengine bwana! Baba mzima umechoka kuuguza, basi unaona bora dawa zioze?

Hakulala vizuri siku hizo. Jumamosi mchana alichukua kufuli dogo na bawaba mbili, akarudi Kinondoni bila kuitwa. Alikusudia kulifunga lile boksi na ufunguo ampe mama mkononi.

Mama Demetria hakuwepo, alikwenda bombani kuchota maji. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Juu ya kigoda alisimama Wilbert, koleo mkononi, kigae cha fyuzi kimechomolewa.

"Shuka!" Fakihi alinguruma. "Shuka kabla sijakushusha!"

Wilbert alishuka. Hakukimbia wala hakukana. Alikaa palepale kwenye kigoda, koleo likamdondoka.

"Huoni aibu? Mwanamke yule hali, halali, roho yake yote imo ndani ya friji hiyo. Mie nahangaika kutengeneza, kumbe wewe unakata! Ukishindwa kuuguza sema, mtoto apelekwe kwa ndugu. Lakini kumuua namna hii, polepole, ndani ya nyumba yako? Haki ya Mungu, nakwenda polisi sasa hivi."

"Nenda, fundi." Machozi yalikuwa yakimtiririka, hayafuti. "Nimejaribu kuzitupa hizo dawa mwenyewe. Mke wangu aliniangukia miguuni, akanishika mpaka nikazirudisha. Nikafikiri zikiharibika zenyewe, ataziona kwa macho yake, atazitupa kwa mkono wake."

"Azitupe, halafu?"

Wilbert alitazama mlango wa chumba uliofungwa.

"Halafu labda atakubali nimpeleke kaburini. Tangu nimzike Demetria, wiki ya pili ya Kwaresma, mama yake hajafika."