Kiranja wa Madawati

Kiranja alipanga mstari wa peke yake, akajiamrisha "Mguu sawa!" na kusimama wima.

Mwalimu mkuu akakagua. Kucha safi. Kola imepigwa pasi. Sketi ya kijani haina doa. Akafungua daftari la mahudhurio na kuita jina moja.

"Nipo, mwalimu!"

Tiki. Asilimia mia.

Afisa elimu wa wilaya aliegemea pikipiki yake, hajui acheke au alie. Madarasa saba, choo cha matundu sita, kengele, mwanafunzi mmoja. Wengine wote walihama mwaka juzi, shule mpya ya barabarani ilipofunguliwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu," alisema walipoingia ofisini.

"Lakini kinahesabika. Akiwepo hata mmoja, hamfungi shule."

Afisa akaweka bahasha mezani. Barua ya uhamisho, ya tatu hiyo. Safari hii ni mji uleule anakoishi mke wa mwalimu.

"Shemeji kanipigia mwenyewe. Anasema mtoto anakuita yule mtu wa kwenye simu."

Mwalimu alicheka. Akaitia bahasha mfukoni.

"Nikiondoka, huyu binti ndio basi. Kaniambia mwenyewe, baba yake hataki kusikia habari ya shule ya barabarani. Magari mengi."

"Kwa hiyo?"

"Mpaka amalize. Bado mwaka na nusu."

"Na shemeji atasubiri?"

Mwalimu akaokota chaki, akaenda darasani. Afisa akamfuata.

Aliandika hesabu ya sehemu ubaoni. Hajamaliza kuandika, Kiranja keshatoa jibu.

"Umeona kichwa hicho?" alimnong'oneza afisa. "Ninachomfundisha leo, jana alishakijua."

Saa sita kamili Kiranja aligonga kengele mwenyewe. Akafuta ubao, akanyoosha madawati ambayo hakuna aliyeyakalia, akabeba begi lililotuna kama la watu wawili, akatoka mbio.

"Kila siku anakimbia hivyo?"

"Kazi za nyumbani, maskini. Hata maji hanywi."

Mwalimu alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia. Kisha akaandika juu ya barua: *Nimekataa.* Akamrudishia afisa. Afisa alipowasha pikipiki, mwalimu alikuwa bado pale pale, anamuuliza kama ana haraka sana, kama hawezi kukaa kidogo.

Shule ya barabarani, zamu ya mchana ilikuwa inaingia. Kelele mpaka masikio yanauma. Afisa alichungulia darasa la sita: watoto tisini, wanne wanne kwenye dawati. Dawati la pili, binti mmoja anahema, anavaa haraka haraka sketi ya bluu juu ya sketi ya kijani.

Alimwona afisa. Akatoka nje kabla hajaitwa.

"Shikamoo, mzee. Naomba usimwambie mwalimu."

"Marahaba. Uko hapa tangu lini?"

"Tangu ilipofunguliwa. Baba ndiye aliyeniandikisha."

"Sasa kule unafuata nini?"

Kiranja akainama, akavuta soksi.

"Hana mtu, mzee. Tulipohama wote, kesho yake nilirudi kuchukua daftari langu. Nikamkuta darasani peke yake, anaita majina. Yote, moja moja, anasubiri kidogo, anaita lingine. Akafika kwangu."

"Halafu?"

"Nikaitika."