Presha ya Mzee Masoudi

Nicholaus aliufungua mkanda wa kipimo, akaufunga upya mkononi mwa mzee, akapima tena kwa hasira. Majibu yalikuwa yale yale: mia na tisini kwa mia na ishirini.

"Vidonge unameza, mzee?"

"Nameza."

Mwongo huyo. Mwaka wa tatu sasa wanaonana karibu kila siku ndani ya gereza hili, na Nicholaus alimjua Mzee Masoudi kuliko alivyowajua ndugu zake mwenyewe.

"Sema kweli."

Mzee akakuna kidevu. "Daktari, dawa zako zinanikojoza. Na pale ninaposhinda, ruhusa ya kutokatoka iko wapi? Siku za kazi sizimezi."

"Na chumvi?"

Mzee akafuta mdomo. Harufu ya ng'onda, samaki wa chumvi, ilikuwa bado mdomoni mwake.

Nicholaus alichoka jamani. Kule Ruangwa, alikokuwa muuguzi, mgonjwa akikaidi aliitiwa mkewe, akasemwa mpaka akaona haya. Hapa amwitie nani? Mke wa Masoudi yuko Kilimarondo na watoto, na mzee mwenyewe huwaona kwa nadra.

"Nenda hospitali leo. Mimi hapa naruhusiwa kupima tu."

"Wakubwa wakijua naumwa watanihamisha. Nitakuwa mbali zaidi na wanangu. Wewe nipime kimya kimya, inatosha."

"Haitoshi. Baba yangu alisema hivyo hivyo, akapooza, akafa bila kutamka neno tena. Unataka nikuangalie ukifa?"

Sauti ilimpanda mpaka akajishangaa. Machozi yalimlenga, naye hakuyaficha.

Masoudi akainamisha uso. "Kichwa kinanigonga tangu asubuhi," akakiri. "Haya, umenishinda. Nakwenda leo hii. Ngoja nimalize jambo moja."

"Liache hilo jambo."

"Haliachiki, na wewe unajua."

Wakatoka, wakavuka uwanja. Mzee alitembea polepole, akishika ukuta. Nicholaus alijizuia asimshike mkono, maana watu walikuwa wakitazama.

Nicholaus akaingia selo. Masoudi akavuta mlango wa nondo, akafunga kufuli, akalitikisa kama afanyavyo kila jioni. Kisha akaanguka pale pale nje, funguo mkononi, na mkono wa Nicholaus uliopenya katikati ya nondo haukumfikia.