Ozoni Mara Mbili

Mjini Singida kila nyumba ilikunywa maji iliyoyatumia yenyewe. Nyuma ya jiko la Chausiku, tangi lilipuliza ozoni ndani ya maji machafu, gesi ikaua vijidudu na kuvunjavunja sabuni na dawa. Kilichoigomea ozoni, tangi lilitakiwa kisheria kukitaja.

Asubuhi hiyo kioo cha tangi kiliandika: “Dawa ya saratani. Ongeza ozoni mara mbili.”

Chausiku, mwenye mimba ya miezi mitano, alisoma mara tatu. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mumewe Lugano aliyekwisha kwenda kazini, na mama mkwe wake. Akamfuata mama, aliyekuwa akichambua mchicha.

“Mama, unaumwa?”

“Siumwi, mwanangu.”

“Tangi limekuta dawa ya saratani.”

Mama hakushtuka, na hilo ndilo lililomkata Chausiku maini.

“Aliniapisha nisikwambie mpaka ujifungue,” mama alisema. “Kila alfajiri huiongeza ozoni mwenyewe, akafuta maandishi. Leo aliamka hoi, nadhani amesahau.”

Chausiku hakugusa kioo. Alishinda na kiu mchana kutwa, hakai, halali.

Jioni Lugano aliingia akihema, akapitiliza hadi kwenye tangi bila hata kuvua viatu. Alirudi baadaye akitabasamu, glasi ya maji mkononi.

“Kunywa, mke wangu. Unaonekana una kiu.”

Chausiku alimtazama mashavu yalivyobonyea, akaipokea glasi, akanywa yote.