Vitoto Visivyokimbia

Siku tatu mfululizo, kila Matrida alipoinama kuteka maji pale ziwani Kisorya, vitoto vya mamba vilichoropoka na kujificha kwenye matete. Vidogo kama mijusi, na vikiogopa hata kivuli chake.

Leo havikukimbia.

Kimoja kilisogea mpaka kwenye ndoo, kikamkodolea macho ya manjano, kikalia kama kifaranga. Matrida akaduwaa, maji yakiwa magotini.

"Dada, njoo uone!" alimwita jirani aliyekuwa akianika dagaa ufukweni. "Leo havinikimbii. Au vimeshanizoea?"

"Mamba anazoeaga mtu?"

Matrida akakiinamia kile kitoto. Jana tu vilikuwa vikitetemeka. Kimebadilika nini?

Kule kwenye dagaa, mwanawe wa miaka mitatu alikuwa akimfukuza mbwa kwa kijiti, akimfokea kama mzee wa boma. Jirani akaangua kicheko.

"Mwone huyu! Asubuhi ulipokuwa sokoni alimkimbia mbwa huyuhuyu mpaka uvunguni. Sasa mama yake yupo, ndiyo anajifanya jogoo!"

Matrida alianza kucheka, akakatiza. Akakitazama tena kile kitoto.

Kisha akaiachia ndoo, taratibu, maji yasitikisike.